Mafuta ya Kondoo Kwenye Kufuli

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupaka kufuli mafuta ya kondoo. La pili lilikuwa kubwa zaidi, lakini naanza na la kwanza kwa sababu mtu yeyote wa huku kwetu angeweza kulifanya, na kwa hiyo linaniuma kidogo. Lile la pili nililifanya peke yangu.

Tunakaa Karatu, upande wa juu, mahali mashamba yanapokwisha na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Kati ya shamba letu na msitu kuna korongo moja tu. Nyati hulivuka wakitaka, na mahindi yakianza kukauka hutaka karibu kila wiki. Baba alikuwa na bunduki ya marisau yenye leseni, na katika nyumba kumi zetu ni yeye tu aliyekuwa nayo. Hakuwa mwindaji. Wanyama ni mali ya Serikali, na baba anaiogopa Serikali kuliko anavyoogopa nyati. Kazi ya bunduki ile ilikuwa kupigwa hewani mara moja au mbili, mnyama arudi alikotoka.

Ilikaa kwenye sanduku la chuma alilolitengeneza fundi wa kuchomelea wa mjini, jembamba na refu kama benchi la kanisani. Lilikazwa ukutani kwa bolti nne katika chumba cha wazazi, nyuma ya mlango, ili aliyeketi sebuleni asilione. Juu yake palitandikwa blanketi kuukuu. Mgeni akiliona kwa bahati mbaya aliambiwa ni sanduku la hati za shamba. Hata neno bunduki halikutajwa nyumbani. Tulisema "mzee". Baba akirudi shambani jioni aliuliza, "Mzee amelala?" na mimi nilijibu, "Amelala," maana yake sanduku limefungwa. Bunduki ikitakiwa, tulisema mzee aamshwe. Shangazi mmoja alikaa kwetu wiki nzima akidhani tuna babu mgonjwa chumbani, akaondoka amekasirika kwamba hakuruhusiwa kumsalimia.

Baba alinikabidhi utunzaji wa sanduku nilipofikisha miaka kumi na tisa. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka kwa vitu vya karibu, kama tundu la kufuli. Alisema, "Wewe unapenda kuhangaika. Basi hangaikia kitu cha maana." Kupiga alipiga yeye, kwa sababu leseni ilikuwa yake. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kufunga, kusafisha, na kujua kila kitu kiko wapi.

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na tangu hapo nimekuwa nikijifundisha kwa chochote kilichoandikwa: kitabu cha baiskeli kisicho na jalada, karatasi za kufungia sukari, maelekezo ya dawa ya mbegu. Kuhusu bunduki sikupata kitabu, kwa hiyo niliandika changu. Nilinunua daftari nikalijaza kanuni. Nyingine zilikuwa nzuri na bado nazifuata. Kunja bunduki, tazama ndani ya mtutu, halafu ingiza kidole kidogo, kwa sababu jicho linaweza kudanganywa. Risasi zikae mbali na bunduki. Zetu zilikaa stoo, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kamba. Usiizungushie bunduki blanketi, sufu hushika unyevu na chuma hula kutu. Usifungue sanduku mgeni akiwa nyumbani. Ufunguo usitundikwe kwenye msumari.

Nyingine zilikuwa za mtu asiyeweza kutulia. Niliandika kwamba sanduku lifutwe kwa nje mara mbili, kulia kwenda kushoto, na mtu akinikatiza nianze upya. Mama alikuwa akinikatiza makusudi. Alipita mlangoni akasema, "Hivi chai unakunywa?" akaondoka anacheka, nami nikaanza upya.

Sasa mafuta. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda, maduka yakiwa na rafu tupu. Mafuta ya mashine hayakuwepo. Kufuli letu lilianza kulia nilipozungusha ufunguo, na kelele ile ilinikosesha amani. Mjomba anayekaa Buger alikuwa ametuletea kondoo wa mkia mnene, na mama aliyeyusha mafuta ya mkia akayahifadhi kwenye kibuyu. Mafuta hayo huku kwetu ni ya kila kitu. Yanapakwa mtoto mwenye mafua, yanapakwa ngozi isikauke, yanapakwa mkuki na panga visishike kutu. Mmasai mmoja aliyekuwa akishusha kondoo kutoka Ngorongoro aliwahi kunionyesha sime yake, inang'aa, akasema miaka yote haijaonja kitu kingine. Nikawaza kwamba chuma ni chuma. Niliyapasha mafuta motoni mpaka yakawa kama maji, nikayamimina ndani ya kufuli kwa jani, tone moja moja, mpaka yakafurika. Nikazungusha ufunguo. Haukutoa hata sauti. Nilifurahi kiasi kwamba nilifungua na kufunga mara ishirini.

Nililijaribu tena kila Jumapili baada ya ibada, saa saba mchana, jua likiwa limeupiga ukuta wa chumba kile tangu asubuhi. Kila Jumapili lilikuwa laini. Niliandika kwenye daftari: kufuli, zuri. Halikunijia wazo la kulijaribu saa moja asubuhi mwezi wa saba, wakati ukungu wa Ngorongoro unaposhuka na ukishika ukuta unahisi umeshika jiwe la mtoni.

Kosa la pili lilihusu ufunguo wa mama. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja nilivaa mimi shingoni kwa uzi. Wa pili mama aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, pamoja na sindano, na kwenda nao kila mahali: kisimani, mashine ya kusaga, mnadani. Siku moja nilikuwa natoka dukani nikaona kitenge kimeanikwa kwenye ua, karibu kabisa na njia, na kwenye pindo kile kifundo kikining'inia. Mama alikuwa bustanini. Nililala vibaya siku tatu. Mwisho nikamwambia, "Mama, nipe ule ufunguo nikutunzie."

"Utautunza wapi?"

"Mahali ambapo mwizi hawezi kufika."

"Sawa," akasema. "Lakini sindano niachie."

Nilifikiri kwa muda mrefu. Chini ya godoro, mwizi huanzia hapo. Darini, panya. Kwenye kopo la risasi, hapana, vitu viwili visikae pamoja. Ndani ya nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu penye chuma pande zote, bolti nne na kufuli. Nikafungua sanduku, nikauweka ufunguo wa pili ndani, juu ya mtutu, nikafunga.

Naapa sikuona. Niliandika kanuni mpya kwenye daftari na nikaipigia mstari kwa wino mwekundu.

Inabidi nieleze jinsi tulivyowafukuza nyati, kwa sababu jambo zima liko hapo. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mkubwa kwa baba kwa miaka michache, na sote tulimwita Balozi. Siri ya mzee aliijua pia. Shamba lake liligusa korongo. Nyati akiingia, wanawake walipiga yowe. Balozi na mbwa wake walikwenda kusimama kati ya mnyama na nyumba, karibu, karibu kuliko mtu mwenye akili angesimama, ili asipande kwenye makazi. Baba alisimama kwenye mwinuko wetu na kupiga hewani. Mlio ulitoka juu, mbwa walikuwa chini, nyati alibaki na njia moja tu, ya msituni. Walifanya hivyo miaka mingi. Balozi alikuwa akisema kwamba toka yowe mpaka mlio anaweza kuhesabu mpaka mia moja na hamsini, na hajawahi kufika mwisho.

Asubuhi ile yowe lilipigwa nikiwa navaa. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata banda la ng'ombe. Baba alisema bila haraka, "Mwamshe mzee," akaenda stoo kuchukua risasi. Nikavua uzi shingoni, nikaingiza ufunguo. Uliingia nusu. Nikausukuma, ukafika. Nikazungusha. Haukwenda.

Nilipuliza ndani ya tundu. Nililishika kufuli kwa viganja viwili kulipasha joto. Huko chini mbwa walikuwa wameshafika, tuliwasikia. Baba alirudi na risasi mbili mkononi.

"Bado?"

"Limeshika kidogo."

"Zungusha."

Nikazungusha kwa nguvu, na ufunguo ukakatika. Kipande cha kichwa kilibaki kwenye vidole vyangu.

Baba alikitazama. "Ule wa mama yako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Anao yeye," akasema. "Alinichukulia mwezi wa tano."

"Uko wapi?"

Nilisema, "Umo ndani."

"Ndani wapi? Chumbani?"

"Ndani ya sanduku."

Baba aliziweka risasi mfukoni, akatoka, akarudi na mtaimbo. Ilimchukua mapigo mengi kung'oa komeo, kwa maana nilikuwa nimemwita fundi alichomelee upya. Katikati ya mapigo hayo, yowe la chini likabadilika. Aliyekulia huku anajua tofauti. Yowe la mnyama ni refu. Yowe la mtu ni fupifupi.

Komeo lilipong'oka, ufunguo wa mama ulikuwa umelala juu ya mtutu, unang'aa. Baba aliuchukua, akautia mfukoni pamoja na risasi, akakimbia. Alipiga mara mbili. Nyati alikuwa ameshaondoka.

Balozi alivunjika nyonga na paja. Mbwa wake mmoja alikufa. Walimpeleka hospitali kwa tela la trekta lililokuwa la kubebea ngano, akakaa huko miezi, akarudi na mguu mmoja mfupi na fimbo aliyoichonga mwenyewe kitandani. Siku aliyorudi, watu wakiwa wamejaa uani kwake, mmoja aliuliza kilichotokea kwa bunduki siku ile. Baba alijibu kabla sijapumua. "Ufunguo niliuvunja mimi. Wa pili nilishaupoteza zamani."

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Leseni ina jina la nani?"

"Lako."

"Basi," akasema, akaenda kukamua.

Nililifungua lile kufuli bovu kwa msumeno, peke yangu, nyuma ya banda. Mafuta yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa, yamechanganyika na vumbi na nyuzi za blanketi, na katikati kimesimama kipande cha ufunguo. Nusu zile mbili za kufuli bado ninazo. Sijui kwa nini. Fundi baiskeli wa mjini, nilipomwuliza kijuujuu mtu apake nini kwenye kufuli, alicheka: "Kufuli halili mafuta, mdogo wangu. Kwangua penseli, puliza ule unga ndani." Nilitembea nyumbani nikifikiria penseli ngapi zilikuwa mezani kwangu wakati ule.

Balozi hakuwa mtu wa kinyongo. Alikuwa mtu wa utani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku ile alimwita baba Mwenye Funguo. Nje ya kanisa: "Mpisheni Mwenye Funguo, asije akatufungia nje!" Mnadani, mbele ya wakwe zetu: "Mzee wenu siku ile alilala fofofo, hata nyati hakumsikia." Watu walicheka na baba alicheka nao. Mimi nilisimama kando nikitazama viatu. Nilijiambia kila mara kwamba nitasema wiki ijayo, na nilikuwa na sababu safi kila wiki: kuna mgonjwa, kuna mavuno, kuna wageni. Mtu anayeanza upya akikatizwa anaweza kukaa hivyo miaka. Mimi nilikaa mitatu.

Kisha macho ya baba yakazidi, ikaamuliwa leseni iombwe kwa jina langu. Hatua ya kwanza ni barua ya balozi inayosema mwombaji ni mtu wa tabia gani. Tukaenda kwake asubuhi, baba na mimi. Alikuwa uani anapukuchua mahindi, mguu mbovu ameunyoosha juu ya gunia. Alituagizia viti, akaleta kalamu, akaweka karatasi juu ya ungo.

"Leo naandika kwa raha," akasema. "Mwenye Funguo, usinune, lakini wewe mambo haya yalikushinda."

"Yalinishinda kweli," baba akasema.

"Huyu kijana wako hajawahi kupoteza hata sindano. Mama yake ananiambia anafuta sanduku mara mbili. Niandike hivyo? Kwamba anafuta mara mbili?" Akacheka, akainamia karatasi.

"Usiandike, Balozi," nikasema.

"Niandike mara tatu?"

"Ufunguo wa pili haukupotea. Niliufungia ndani ya sanduku. Mimi. Na kufuli nililitia mafuta ya mkia wa kondoo, yakaganda kwa baridi, ufunguo ukanikatikia mkononi. Baba hakufanya lolote."

Balozi aliweka kalamu, akachukua hindi, akalipukuchua mpaka likaisha. "Ndani ya sanduku lenyewe," akasema. "Lililofungwa."

"Ndiyo."

"Ulililisha sanduku ufunguo wake." Nilidhani atacheka. Mdomo ulianza, halafu ukaacha. Alimgeukia baba. "Na wewe ulijua."

"Leseni ina jina langu."

"Sikuulizi leseni! Miaka mitatu nakuita Mwenye Funguo. Kanisani. Mbele ya wakwe zako. Unacheka tu. Kumbe mimi ndiye mjinga, namchapa mtu asiye na kosa na watu wote wanatazama."

"Ulikuwa umeumia," baba akasema. "Nilikuachia."

"Nani alikuomba uniachie?"

Sikuwahi kuwaona wazee hawa wawili wakigombana, na walikuwa wanagombana kwa sababu yangu. Nilisema samahani. Balozi aliniangalia kama mtu aliyesahau kwamba bado nipo.

"Mguu si wako," akasema. "Mguu nitaongea na nyati. Wewe sikiliza hili. Siku ile nilipofika mia na hamsini, sikukimbia. Nilianza kuhesabu upya. Nikajiambia labda nimehesabu haraka. Kwa sababu nilijua mlio unakuja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Sasa ukiniambia kesho, Balozi simama pale, mlio unakuja, nitajuaje?"

Kwenye daftari langu lote hapakuwa na kanuni hata moja iliyomtaja mtu aliyesimama korongoni. Niliandika kuhusu mwizi, kutu, panya, wageni na watoto. Yeye sikumwandika popote.

Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, nyeupe. "Barua sitaandika," akasema. "Sijasema kamwe. Nimesema leo sitaandika. Jumamosi nitakuja kwenu kabla jua halijapanda, nisikie kufuli hilo likifunguka. Na Jumamosi nyingine. Nikitosheka nitawaambia."

Jumamosi ile nilidhani hatakuja, maana kutoka kwake ni kupanda, na kwa mguu ule ni kazi. Alikuja. Aliketi sebuleni na koti lake, mvuke ukimtoka mdomoni, fimbo kati ya magoti. Chumbani hakuingia; si heshima kuingia chumba cha wenzake. Nilifungua. Kufuli jipya, tulilonunua baada ya lile bovu, lilitoa mlio mdogo, ka.

"Ameamka?" akauliza kutoka sebuleni.

"Ameamka."

"Haya, mlaze." Akanywa chai, hakumsemesha baba, akaondoka. Jumamosi ya tatu akamsemesha, kuhusu bei ya maharage. Ya tano alimtania kwa jambo jingine kabisa, ng'ombe wake mwembamba, na baba akamjibu kwa maneno makali, nami nikawasikia nikiwa nimeinama mbele ya sanduku na sikuthubutu kutoka.

Huu ni mwaka wa pili anakuja. Nyati wamevuka mara mbili katika muda huo. Balozi hawezi tena kusimama korongoni, husimama mwanawe mkubwa, lakini anayehesabu bado ni Balozi, kwa sauti, kutoka mlangoni kwake. Mara ya kwanza alifika sitini. Ya pili hakufika hamsini.

Kilichobadilika ni hiki. Kufuli lina unga wa penseli, na linajaribiwa asubuhi kwenye baridi. Ufunguo wa pili anao mama, kwenye pindo la kitenge, pamoja na sindano, na kitenge kikianikwa simwulizi. Balozi anajua funguo zote mbili ziko wapi. Hakuna anayemwita baba Mwenye Funguo. Leseni bado ni ya baba, na barua yangu haijaandikwa.